Tarehe ya kununua hisa si ya kubahatisha

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa biashara iliyowahimiza wasomaji walioko Marekani kununua hisa badala ya kuacha akiba yote benki ilinifurahisha, na ninaiunga mkono. Ila haikusema lolote kuhusu siku ya kuuza na ritani ya kodi inayofuata, yaani taarifa ya mapato ya mwaka unayoipeleka serikalini, na hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Kila msimu wa kodi, Februari hadi katikati ya Aprili, huwa ninawaandalia watu ritani hapa Dallas, wengi wao Wakenya na Watanzania. Hakuna kinachonisumbua kama ile safu ya fomu inayotaka tarehe ya kununua hisa.

Kuna ushauri unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na nje ya makanisa baada ya ibada: ukisahau tarehe, andika VARIOUS (yaani “mbalimbali”), IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hawaangalii. Ushauri huo ni mbaya, na wanaoutoa si wao wanaolipa.

Kwenye fomu 8949, ile ya kuorodhesha hisa ulizouza, kila uuzaji una tarehe mbili, siku uliyonunua na siku uliyouza. Hizo ndizo zinazoamua kama faida yako ni ya muda mfupi au ya muda mrefu. Hisa uliyokaa nayo mwaka mmoja au pungufu, faida yake inatozwa kodi kama mshahara, kuanzia asilimia 10 hadi 37. Ukikaa nayo zaidi ya mwaka, unatozwa asilimia 0, 15 au 20 kulingana na mapato yako. Mwaka kutimia peke yake hautoshi. Hesabu inaanza siku inayofuata ile uliyonunua, na siku ya kuuza inahesabiwa.

Kijana mmoja anayefanya kazi ya kutunza wazee alikuja kwangu na karatasi zake zimepangwa vizuri, jambo ambalo silioni mara nyingi. Alinunua hisa tarehe 12 Machi 2024, akaziuza tarehe 12 Machi 2025. Alinionyesha kwenye simu ujumbe kwamba pesa ziliingia tarehe 13, na kwa hesabu yake alikuwa amevuka mwaka. Hakuwa amevuka. Kwa hisa zinazouzwa sokoni, tarehe inayohesabika ni ile agizo lako lilipotekelezwa, si ile pesa zilipofika. Tangu tarehe 28 Mei 2024 malipo hukamilika siku ya kazi inayofuata, na zamani yalichukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo karibu kila uuzaji una tarehe mbili za kumchanganya mtu. Faida yake ilikuwa dola 4,000. Hajaoa, mshahara wake ulimweka kwenye kiwango cha kodi cha asilimia 12, na mapato yake yanayotozwa kodi, faida hiyo ikiwemo, hayakufika dola 48,350, kiwango ambacho kwa mwaka 2025 mtu kama yeye halipi chochote kwa faida ya muda mrefu. Angeuza kesho yake kwa bei ileile, kodi ya shirikisho kwa faida hiyo ingekuwa sufuri. Amelipa dola 480. Kwa mtu anayelipwa kwa saa kuinua wagonjwa usiku kucha, hizo si pesa ndogo, na hakuna aliyewahi kumweleza.

Neno VARIOUS lenyewe linaruhusiwa. Mtu aliyeacha gawio lake linunue hisa zaidi kila robo mwaka amenunua mara nyingi, na kila ununuzi una tarehe yake na bei yake. Akiziuza zote kwa mpigo anaweza kuandika VARIOUS mahali pa tarehe. Lakini lazima kwanza azitenganishe: zilizozidi mwaka kwenye sehemu yake, zilizonunuliwa kwa gawio la miezi ya karibuni kwenye sehemu nyingine. Utazitenganishaje kama tarehe huzijui? Na kama hukumwambia wakala wako wa hisa unauza zipi, zile za kwanza kununuliwa ndizo zinazohesabiwa kuwa zimeuzwa kwanza.

Wapo wanaosema wakala ataandika kila kitu kwenye 1099-B, fomu anayokutumia wewe na IRS kuhusu hisa ulizouza. Kwa hisa za kawaida zilizonunuliwa kuanzia mwaka 2011, ni kweli analazimika kuiripoti IRS bei na tarehe. Za kabla ya hapo, hapana. Usipoijaza bei ya kununua, IRS wanaona tu pesa ulizopokea, na barua ya CP2000 inaweza kukufikia ikikudai kodi kana kwamba hisa hizo ulizipata bure. Wanaopewa hisa kazini nao waangalie sana: thamani ya hisa hizo siku zilipokuwa zako tayari imo kwenye W-2, fomu ya mshahara kutoka kwa mwajiri, lakini mara nyingi 1099-B haiihesabu kama bei yako. Usiporekebisha, unalipa kodi mara mbili kwa pesa ileile.

Sasa nije kwa hisa za nyumbani, maana kuhusu hizo hakuna anayesema kitu. Wengi wetu tulinunua Safaricom mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila hisa. Kwa kuwa Kenya haitozi kodi ya faida kwa hisa zilizoorodheshwa kwenye soko la Nairobi, watu hudhani mambo yameishia huko. Ukiwa mkazi wa Marekani kwa mujibu wa sheria ya kodi, mapato yako ya dunia nzima yanaripotiwa hapa, na wakala wa Nairobi hatakutumia 1099-B.

Tarehe inafanya kazi nyingine hapo. Bei ya kununua unaibadilisha kuwa dola kwa kiwango cha siku uliyonunua, na bei ya kuuza kwa kiwango cha siku uliyouza. Tuseme ulinunua hisa 2,000 kwa shilingi 10,000, wakati dola moja ilikuwa takriban shilingi 62. Ulitoa dola 161 na senti kadhaa. Umeziuza kwa shilingi 15 kila moja, dola ikiwa shilingi 129, ukapata shilingi 30,000, yaani dola 232 na nusu. Faida yako kwa IRS ni kama dola 71. Mtu asiye na tarehe ya 2008 huchukua faida ya shilingi 20,000, akaigawa kwa 129 na kuandika dola 155. Amejiongezea faida zaidi ya mara mbili kwa sababu ya karatasi aliyoiacha kwenye sanduku la mama yake.

Na tukiwataja wazazi, kuna tofauti ambayo kila familia yenye hisa inapaswa kuijua. Baba akifariki na kukuachia hisa, kwenye safu ya tarehe unaandika INHERITED, yaani “za urithi”. Faida inahesabiwa ya muda mrefu hata ukiuza mwezi unaofuata, na bei yako ya kununua ni thamani ya hisa hizo siku aliyofariki. Lakini mama akikupa hisa zake akiwa hai, ukiuza kwa faida unabeba tarehe yake na bei yake, iwe ni ya mwaka 2008 au ya 1988. Kwa hiyo anapokupa, mwombe na stakabadhi. Muulize alinunua lini, kwa shilingi ngapi, kupitia kwa nani. Najua kwetu kumuuliza mzazi habari za mali yake kunaonekana kama kumharakisha. Muulizeni kwa adabu, lakini muulizeni.

Naomba mtuchapishie barua hii kabla ya tarehe 15 Aprili. Na aliyekwisha kuwasilisha ritani yenye tarehe za kukisia asikate tamaa: ipo fomu 1040-X ya kurekebisha, na kwa kawaida anayo miaka mitatu tangu siku aliyowasilisha kudai kilichozidi. Aombe taarifa zake za zamani kwa wakala wake wa hisa leo, kwa sababu mawakala hawazihifadhi milele.

Mwandalizi wa ritani za kodi,
Dallas, Texas