Lettow-Vorbeck hakushindwa sawa, ila alikula kwa nani?

Mhariri, nimesoma makala yenu ya Lettow-Vorbeck, yule Mjerumani aliyeongoza jeshi la koloni lao huku kwetu Vita ya Kwanza ya Dunia, nikaona hapana, hii siwezi kuiacha ipite hivi hivi. Mwandishi kamsifia mpaka basi, eti jenerali asiyeshindwa. Kwanza alipotua Dar Januari 1914 alikuwa luteni kanali tu, ujenerali ulimkuta huko huko porini. Tanga simnyimi haki yake, Novemba 1914 Waingereza walishusha watu kama 8,000 yeye anao kama 1,000 na bado wakarudi melini mbio, na nyuki nao wakamsaidia (hao nyuki mpaka leo hawana hata mnara).

Sasa mimi nauliza, miaka minne jeshi linazunguka, toka Kilimanjaro mpaka Mahiwa kule Lindi, likavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, likarudi, likaenda kuweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo kule Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili Ulaya wameshamaliza vita. Lilikuwa linakula nini? Bahari imefungwa na Waingereza, meli mbili tu ndo zilipenya kutoka Ujerumani na zimejaa silaha. Lilikula mtama wa watu na ng'ombe za watu bwana. Mimi Mgogo, kwetu ile njaa ina jina lake kabisa, Mtunya, Mjerumani kachukua mifugo na nafaka na vijana wa kubeba mizigo, 1916 Mwingereza naye kaja kachukua kilichobaki, halafu mvua ikagoma, wakafa kama watu 30,000 Ugogo peke yake. Bibi yangu akiona mtoto anamwaga ugali alikuwa anasema "wewe Mtunya hujaisikia". Kwenye makala yenu nzima hakuna hata mstari mmoja wa hiyo njaa!

Na kabla ya kuja huku alikuwa Namibia chini ya jenerali wao von Trotha, wakati Waherero wanamalizwa, hapo mwandishi karuka kama haoni. Hata gavana wao Schnee hakutaka vita iletwe koloni, ni huyu luteni kanali ndo aling'ang'ania ili Waingereza wapeleke majeshi huku badala ya Ulaya.

Yeye Machi 1919 kapokelewa Berlin kwa gwaride. Askari wake Waafrika, Ujerumani Magharibi ilikuja kukubali kuwalipa malimbikizo yao 1964, waliobaki hai, vizee vya watu, na yeye mwenyewe kafa mwaka huo huo.

Msomaji wenu, Dodoma