Barua kwa duka lililoniuzia bunduki ya wenzo

Dabaga,
Kilolo,
IRINGA.

12 Mei 2025

Meneja Mauzo,
Kampuni ya kuuza silaha (jina nimeliondoa kwenye nakala hii),
DAR ES SALAAM.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU BUNDUKI YA WINCHESTER 94, DARUBINI NA RISASI MLIZONIUZIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa mwezi Februari, yule mzee aliyeingia dukani na koti zito kwenye joto la Dar, vijana wenu wakacheka chinichini. Sikuchukia. Nilipanda basi Iringa alfajiri na baridi, koti halikuwa la mapambo. Ninaandika kwa sababu nimepiga simu mara sita, na mara zote sita nimejibiwa, "Mzee wangu, tunalishughulikia."

Nianze na nilichoomba, kwa kuwa hapo ndipo lilipo shauri lote. Nina ekari nne za viazi na mahindi zinazopakana na msitu. Nguruwe pori wakiingia shambani hawali kama mgeni, wanalima. Asubuhi unakuta matuta yamepinduliwa kama yamepitiwa na trekta. Leseni ya silaha niliisotea miezi minane, kuanzia ofisi ya kijiji mpaka polisi, na sitoki na bunduki kabla ya kupata kibali cha watu wa wanyamapori wilayani. Kwa hiyo sikuja dukani kwenu kununua kwa pupa.

Nilimweleza kijana wenu kwamba nataka bunduki ya wenzo, ile unayoikoki kwa kusukuma pete iliyo chini ya kifyatulio kisha kuirudisha, kwa sababu mtu anaweza kuandaa risasi ya pili bila kuishusha begani. Nataka fupi na nyepesi, ya mtutu wa inchi 20, maana pembeni mwa msitu wetu mtutu mrefu unanasa kila mmea. Risasi ya .30-30 inanitosha, kwa kuwa mimi sipigi nyati, na nguruwe wangu namwona kwa hatua sitini, mara chache mia. La mwisho nikalirudia mara mbili: macho yangu yana miaka 61, lazima bunduki ikubali darubini.

Kwa masharti hayo, muuzaji anayeijua kazi yake asingepata taabu. Angenipa Marlin 336. Ilikuwepo kwenye kabati lenu, ya pili kutoka kushoto, na niliishika. Bunduki hiyo imetengenezwa tangu 1948, bodi yake, yaani lile kasha la chuma linaloshika mitambo, imefunikwa juu, na ganda tupu la risasi iliyopigwa hutokea ubavuni upande wa kulia. Darubini inakaa juu yake kama sahani mezani. Winchester 94 ya zamani bodi yake iko wazi juu, na ganda huruka juu moja kwa moja. Waliotengeneza wenyewe waliliona hilo, ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1980 walibadilisha ili ganda lirukie pembeni. Haya siyo mambo ya siri. Mtu anayeshinda na bunduki hizi kutwa nzima ilipaswa ayajue kuliko mkulima wa viazi.

Lakini kijana wenu alinitoa kwenye Marlin kwa maneno matamu. Akasema, "Mzee, hiyo ni bunduki tu. Hii ni historia, hii ni ya tangu 1894." Nikiri kwamba hapo alinigusa. Mtu wa Iringa ukimtajia 1894 umemtajia mwaka Wajerumani walipoibomoa ngome ya Mkwawa pale Kalenga. Kusikia kwamba mwaka huohuo, huko Marekani, mbunifu wa silaha John Browning alikuwa ametoa bunduki hii, nikajikuta nimeishika tena na sitaki kuiachia. Ni udhaifu wangu, siwalaumu kwa hilo.

Ninachowalaumu ni sentensi iliyofuata: kwamba hii mliyo nayo ni "ya kabla ya 64", yaani iliyotengenezwa kabla ya 1964, zile ambazo wapenzi wa bunduki huzithamini zaidi, na ndiyo maana bei yake imezidi ile nyingine kwa shilingi 1,400,000. Stakabadhi yenu imeandikwa hivyo hivyo, kwa mkono: "Winchester 94, kabla ya 64, na darubini, na risasi za .30." Naomba muikumbuke hiyo stakabadhi, nitairudia.

Tarehe 3 Aprili nilikwenda nayo kwenye uwanja wa shabaha, nikiwa na fundi silaha mstaafu wa jeshi ambaye ni jirani yangu. Risasi ya kwanza ilikwenda vizuri, chini kidogo ya alama. Nikasukuma wenzo. Nilisikia "tik!" ndogo kama kijiko kikigonga kikombe: ganda lilikuwa limeruka, likagonga tumbo la darubini, likarudi ndani ya bodi likiwa limelala kiubavu. Nilipovuta wenzo kurudisha, likabanwa. Tukalitoa kwa kijiti. Kati ya risasi kumi tulizopiga, saba zilifanya hivyo. Fikiria mwenyewe, Ndugu Meneja: bunduki iliyochaguliwa kwa ajili ya wepesi wa risasi ya pili, risasi ya pili inasubiri kijiti.

Tuliporudi nyumbani, jirani yangu akaifungua juu ya gazeti. Yeye si mtu wa maneno mengi. Alisukuma wenzo taratibu mpaka kile kijiko kinachonyanyua risasi kutoka kwenye bomba la risasi lililo chini ya mtutu kikachomoza, akakigonga kwa ukucha, akasema, "Bati." Kweli, ni kipande cha bati nene lililokunjwa kwa mashine, wakati kwenye zile za kabla ya 64 ni chuma kizima kilichochongwa. Kisha akanionyesha pini za bodi. Ukizitazama kwa mbele zina tundu katikati, kama bati lililoviringishwa. Za zamani ni chuma kitupu. Rangi nayo: mtutu ni mweusi wa kuelekea bluu, safi, lakini bodi imebanduka kama ukuta wenye unyevu. Bodi za kuanzia 1964 zilibadilishwa chuma, na zinajulikana kwa kutoshika rangi ile ya kawaida. Nilidhani ni mikono ya mwenye nayo wa kwanza.

Hata bila kuifungua, namba ingetosha. Zile za 1964 na kuendelea zinaanzia kwenye milioni mbili na laki saba. Yangu inaanza na 33 na ina tarakimu saba. Namba hiyo mmeiandika ninyi wenyewe kwenye stakabadhi, mstari mmoja chini ya maneno "kabla ya 64".

Nisieleweke vibaya. Za baada ya 1964 si mbovu, zinaua nguruwe vilevile. Kiwanda kilitafuta njia ya kutengeneza kwa gharama nafuu, wapenzi wa bunduki wakanuna, na tangu hapo za kabla zikapanda bei. Shida yangu ni kwamba nimelipa bei ya ng'ombe wa maziwa nikapewa ndama.

Kuna jambo ambalo linaniuma zaidi ya hela. Ili kufunga darubini, fundi wenu alitoboa matundu manne kwenye bodi. Mtu anayeamini ana bunduki ya kabla ya 64 mkononi haitoboi, kwa sababu tundu moja tu linaishusha thamani mbele ya wanunuzi wa vitu vya kale. Kwa hiyo, ama fundi wenu alijua si ya kabla ya 64 akatoboa bila wasiwasi huku mwenzake akinitoza bei ya kale, ama aliamini ni ya kale na akaiharibu mbele ya macho yangu. Nimelala na swali hilo siku kadhaa na sijapata jibu la tatu. Kama ninyi mnalo, niandikieni.

Sasa risasi. Mliniuzia boksi mbili, stakabadhi inasema "risasi za .30". Boksi moja ni .30-30, sawa. La pili ni .30-06. Nilipompigia kijana wenu alinijibu, "Si zote ni za thelathini, mzee?" Kwa heshima zote, huyu asiuze risasi mpaka afundishwe. Thelathini ya kwanza ni upana wa risasi tu, na hapo kweli zinafanana. Thelathini ya pili ni kipimo cha baruti cha enzi hizo, chembe 30, kama gramu mbili hivi. Ile 06 si baruti, ni mwaka 1906 ambao jeshi la Marekani liliipitisha. Moja ina urefu wa milimita 65, nyingine 85, na haiingii kwenye bunduki yangu hata ukiibembeleza.

Isitoshe, hizo .30-06 zina ncha kali. Kwenye bunduki ya wenzo yenye bomba chini ya mtutu, risasi hujipanga moja nyuma ya nyingine, pua ya hii ikigusa fataki ya ile, yaani kile kiwashio cha baruti kitakoni. Ncha ngumu na kali pamoja na kishindo cha bega vinaweza kulipua bomba zima karibu na mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana za .30-30 kwa kawaida hukatwa pua. Mteja ambaye hajaambiwa hilo leo, kesho atatafuta za ncha kali zinazoingia. Na mimi kukutwa na risasi za bunduki nisiyoimiliki ni kosa linaloweza kunifutia leseni. Askari wa leseni alilitazama lile boksi, kisha akanitazama mimi, na sikukipenda kile kimya chake.

Ninachotaka ni hiki. Kubadilishana bunduki si kama kubadilishana sufuria, kwa sababu leseni yangu imeandikwa namba ya hii. Kama Marlin ile bado ipo, niko tayari kuipokea badala yake, ninyi mkigharamia safari na taratibu zote za polisi za kubadilisha leseni, na mkinirudishia ile 1,400,000. Kama haipo, nabaki na hii hii, nirudishiwe 1,400,000 pamoja na 650,000 ya darubini na kuifunga, na mnitumie skrubu nne za kuziba matundu yenu, mvua zisije zikaingia. Kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo. Hivyo ndivyo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inavyosema, na maelezo yenu ninayo kwa mwandiko wenu. Nasubiri siku 21. Zikipita, stakabadhi na picha za kile kijiko cha bati zitakwenda Tume ya Ushindani.

Darubini nimeifungua na kuirudisha kwenye boksi lake, nitaikabidhi kwa basi siku mtakayothibitisha malipo. Zile risasi za .30-06 sizitumi kwa basi. Nimezikabidhi kituo cha polisi kwa maandishi, zote 20, na atakayezifuata aje na karatasi zenu za biashara, na koti.

Wenu,

(Sahihi)
Mteja wenu wa Dabaga

Viambatanisho: nakala ya stakabadhi, picha tano za bodi, pini na matundu, ganda moja lililopondeka ubavuni.