YAH: Malalamiko kuhusu laptopu kupoteza waifai baada ya sasisho mlilolituma wenyewe

Duka la Steshenari,
Ngamiani,
Tanga.

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, mwenye duka la steshenari hapa Ngamiani. Laptopu yenu niliinunua mpya, risiti ninayo na waranti haijaisha. Ilifanya kazi vizuri tangu siku ya kwanza mpaka usiku iliposhusha sasisho lenu yenyewe na kujiwasha upya. Kulipokucha, waifai ya dukani haikuwemo tena kwenye orodha ya mitandao. Za majirani zilionekana, yetu haikuonekana, na rauta iko juu ya kabati hapohapo ndani ya duka.

Nilipowaandikia watu wenu wa huduma, walinijibu kwamba tatizo ni rauta au ni mtoa huduma wangu wa intaneti. Jibu hilo silikubali, na naomba msome sababu zangu zote.

Simu za dukani zilikuwa kwenye rauta hiyohiyo, saa ileile, zinafungua kila kitu. Laptopu ya zamani ya mdogo wangu, ambayo haijapata sasisho lenu, iliingia mara moja. Tukachomeka waya wa mtandao kutoka kwenye rauta hadi kwenye laptopu yenu, intaneti ikaja. Tukaazima kidude cha waifai cha kuchomeka kwenye USB, laptopu ikapata mtandao bila shida. Sasa kama rauta ni mbovu, vyote hivyo vilipitia wapi? Kilichogoma ni kadi ya waifai iliyomo ndani ya laptopu, na kadi hiyo ilikuwa nzima jana yake.

Fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu alifungua orodha ya vifaa na kuangalia draiva ya waifai, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo. Tarehe yake ilikuwa mpya: sasisho lilikuwa limeondoa draiva iliyokuwa ikifanya kazi na kuweka nyingine. Alipotaka kurudisha ya zamani, kitufe cha kurudisha kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki. Maana yake mashine haikuwekewa draiva ya zamani ya kurudia. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Draiva mpya kuwa na kasoro nalielewa, programu zimeandikwa na binadamu. Lakini kumwondolea mteja kitu kinachofanya kazi na kutomwachia njia ya kukirudia, hilo ni uamuzi, na mlioamua ni ninyi.

Fundi hakuishia hapo. Aliingia kwenye mipangilio ya rauta akakuta inarusha kwenye chaneli ya 13 ya masafa ya 2.4 GHz, chaneli zikiwa ni njia ambazo mawimbi ya waifai hugawana. Rauta yenyewe ilikuwa imeichagua, kwa sababu Ngamiani maduka yamebanana, kila mlango una waifai yake, na chaneli za chini zimejaa. Alipoihamishia chaneli ya 6, laptopu ikaiona papo hapo. Mafundi wenu watalijua jambo hili kuliko mimi: vifaa vilivyowekewa mpangilio wa Marekani kwa kawaida huishia chaneli ya 11, ilhali sehemu kubwa ya dunia hutumia hadi ya 13. Kabla ya sasisho laptopu yangu ilikuwa inaisoma chaneli hiyo kila siku. Baada ya sasisho haiisomi. Kwa maoni ya fundi, na mimi naafikiana naye, draiva yenu mpya inajihesabu iko nchi nyingine.

Kasoro ya pili ingali ipo hadi leo. Laptopu ikilala kidogo, ukiiamsha waifai haipo. Kitufe chenyewe hutoweka, na dawa ni kuizima kabisa na kuiwasha upya. Tuliondoa ile ruhusa ya kompyuta kuzima kadi ili kuokoa umeme, ikasaidia kidogo, kisha tatizo likarudi. Watu wenu wakanielekeza niweke mipangilio yote ya mtandao upya. Nilifanya hivyo. Mitandao yote niliyokuwa nimeihifadhi na nywila zake ilifutika, na kasoro ikabaki palepale. Kisha wakanitumia kiungo cha kushusha draiva iliyorekebishwa, faili kubwa lililofungwa pamoja na programu nyingine nisizozihitaji, tena lenye kisakinishi kinachotaka intaneti ya laptopu hiyohiyo isiyo na intaneti. Ilibidi niunganishe simu kwa waya wa USB na kula bando langu mwenyewe, na mwisho wa yote kisakinishi kikasema draiva iliyopo ndiyo ya karibuni.

Naomba mfahamu duka hili linafanya nini. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, vijana huja hapa kutoka mjini, Muheza na hata Pangani. Wanajaza fomu mtandaoni, wanachapisha, wanaondoka nayo kwenda kusainiwa na mdhamini, serikali ya mtaa na wakili, kisha wanarudi tuiskani na kuipakia. Wengine bado wanasubiri cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili. Maombi yana siku ya mwisho. Mtandao ukikatika katikati ya kupakia, kijana anaanza tena, na aliyetoka Pangani nauli yake ya kurudi ameihesabu. Mama mmoja aliyemleta binti yake alikaa kwenye benchi langu mpaka jioni, akaondoka bila kumaliza. Sikuwa na la kumwambia, na nililala nikimfikiria.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Mnipe draiva ya zamani kama faili dogo linalojitegemea, ambalo mtu anaweza kulishusha kwa simu, akalihamishia kwenye laptopu na kulisakinisha bila intaneti. Mfanye hivyo kwa wateja wote wa toleo hili la laptopu, maana siamini niko peke yangu. Mrekebishe mpangilio wa nchi kwenye draiva mpya. Masasisho ya draiva yasiingie bila ridhaa ya mwenye mashine, na yakiingia, ya zamani ihifadhiwe. Na kama mtaona lazima kadi ibadilishwe, mtume fundi au mlipie usafirishaji. Kutoka Tanga hadi kituo chenu Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300, na siwezi kufunga duka katikati ya msimu kwa kosa nisilolifanya.

Naomba pia jibu la maandishi linaloeleza sasisho lilibadilisha nini. Jibu la kunirudisha kwenye rauta sitalipokea. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji wa nchi hii, na nisipopata jibu la maana ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitalipeleka lalamiko langu Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo vyote.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, kadi ya waranti, picha za orodha ya mitandao kabla na baada ya kubadilisha chaneli, na picha ya ukurasa wa draiva unaoonyesha tarehe na kitufe kilichofifia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye duka la steshenari,
Ngamiani, Tanga.

Nakala: Duka lililoniuzia laptopu, Tanga.