Mtoto asomwe nyumbani kwao

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie masomo ya uzamili ya makuzi ya mtoto katika vyuo vyetu. Tangu Serikali izindue Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, Desemba 2021, wataalamu hao wanahitajika zaidi. Hofu yangu ni kwamba wengine wanahitimu wakiijua dodoso kuliko familia.

Mjukuu wangu wa miaka minne aliambiwa na mtafiti ahesabu vijiti. Akanyamaza, akawekewa alama ya kukosa. Jioni ileile alikuwa gengeni kwa bibi yake akipanga nyanya mafungu ya nne nne, dada yake akimsahihisha. Dodoso ingeyaonea wapi hayo? Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyeanza utafiti wake Uganda mwaka 1954, alizitembelea familia 26 majumbani mwao, akirudi kila baada ya wiki mbili hivi. Ndipo ilipoota mizizi kazi yake juu ya mshikamano wa mtoto na mama.

Vyuo viweke sharti: muhula mzima wa kuzitembelea kaya zilezile, na bibi, shangazi na dada wasikilizwe sawa na mama, kabla ya tasnifu kupokewa.

Babu wa wajukuu watano,
Morogoro