Yah: Malalamiko juu ya ukingo wa mawe uliojengwa chini ya kiwango, Ilemela, Mwanza

Mkurugenzi Mtendaji,
Mwanza.

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkataba mnao, mchoro mliuchora wenyewe na masharti ya dhamana mliyaandika nyinyi, kwa hiyo sitayarudia. Naandika kwa sababu ukingo wa mawe wa mita 40 ambao kampuni yenu ilinijengea ufukweni mwa Ziwa Victoria na kunikabidhi kama kazi iliyokamilika umeanza kuporomoka kabla hata masika haijafika. Katikati, sehemu ya mita 6 imeshuka kwa sentimita 70. Mawe ya juu yameteleza, kitambaa cha chini kimejitokeza kikiwa kimechanika, na mchana upepo wa ziwani unapovuma, kila wimbi linaporudi linatoka na udongo wa kiwanja changu. Maji yanayopita kati ya mawe ni mekundu.

Sababu naijua na nyinyi mnaijua: ukuta huu hauna mguu, yaani msingi wa mawe uliofukiwa vya kutosha chini ya sakafu ya ziwa.

Mchoro unataka mtaro wa mguu wenye kina cha mita 1 chini ya sakafu ya ziwa na upana wa mita 1.2. Siku ya kuujaza nilishuka mtaroni na futikamba. Kina kilikuwa sentimita 35. Nikamwita foromani wenu aje asome mwenyewe. Hakushuka. Alisimama juu akasema, "Mama, toka hapo. Mawe yakishakaa nani ataona?" Kisha akamgeukia dereva wa tipa: "Mwaga." Mimi nikiwa bado mtaroni.

Mguu wa ukuta si nakshi. Wimbi likishapasuka kwenye mteremko, nguvu yake inarudi chini na kuchimba pale ukingo unapokutana na sakafu ya ziwa. Shimo likishapatikana hapo, mawe ya mteremko yanalifuata moja baada ya jingine. Ndiyo maana mguu hufukiwa chini kuliko wimbi linavyoweza kuchimba. Maji ya ziwa ya mwaka 2020 yalipita kimo cha rekodi cha 1964, na ya 2024 yakapita yale ya 2020. Kampuni inayochukua kazi za ufukweni Mwanza haiwezi kusema haikujua ziwa hili linafanya nini.

Nije kwenye mawe. Tulikubaliana granite ngumu yenye kona, mchanganyiko wa sentimita 30 hadi 60, wastani 45, ili mawe yabanane na madogo yazibe nafasi za makubwa. Tabaka liwe na unene wa sentimita 90, yaani mara mbili ya jiwe la wastani. Mlicholeta, sehemu kubwa ni mawe ya sentimita 20. Jiwe la sentimita 45 lina uzito unaozidi kilo 120. La sentimita 20 ni kilo 12 hadi 15. Upana ukipungua nusu, uzito unabaki sehemu moja ya nane, na uzito ndio unaolizuia jiwe lisibebwe na wimbi. Mengine ni mawe ya mviringo yaliyookotwa juu ya ardhi, yameoza. Ukiyagonga kwa nyundo yanamomonyoka kama sukari guru. Katika jiji lenye miamba kila upande, hilo halina udhuru.

Hesabu ya jumla ni nyepesi. Mguu na mteremko kwa mchoro ule vinataka tani 330 hivi, sawa na tipa 22 za tani 15. Stakabadhi za machimbo, ambazo nakala zake ninazo, zinaonyesha tipa 13. Unene niliopima baada ya makabidhiano ni sentimita 60. Nimelipia 90.

Kitambaa cha jiotekstaili, kile cha chini kinachopitisha maji na kuzuia udongo, kilipaswa kupishana sentimita 50 kila kiungo, kibanwe kwa pini, kisha kifunikwe kwa tabaka la kokoto la sentimita 15 kabla ya jiwe kubwa lolote kukigusa. Viungo vyenu vimepishana sentimita 10. Kokoto hakuna. Mawe yalimwagwa moja kwa moja kutoka kwenye bodi la tipa badala ya kushushwa taratibu kwa bakuli la eskaveta. Kitambaa kikichanika, udongo wa nyuma unanyonywa kupitia tundu, pengo linajengeka chini kwa chini, na siku moja mawe yanazama. Zile sentimita 70 zimechangiwa na hilo pia.

Mabawa nayo hayapo. Ncha zote mbili za ukingo zilipaswa kukunja na kuingia nchi kavu mita 3. Mmeziacha wazi, na upande wa kusini maji yameshapita nyuma ya ukuta na kuanza kula kiwanja cha jirani yangu, ambaye hakuwa na mkataba wowote na nyinyi.

Narudi pale mtaroni, kwa sababu ofisi yenu iliniambia kwa simu kwamba foromani "alikuwa anawahi muda". Nilikuwa ndani ya maji ya magotini, ncha ya futikamba nimeibana chini kwa mguu. Vibarua waliona. Mmoja wao, mtu mzima, alinyoosha mkono akasema, "Subiri, mama hajatoka." Foromani akarudia, safari hii kwa sauti kubwa: "Nimesema mwaga." Bodi likaanza kunyanyuka. Nilitoka kwa kushikwa mkono na kibarua yule, na mawe yakaifukia futikamba pale pale. Huko siko kuwahi muda. Huko ni kuficha kipimo, na ni kuhatarisha maisha ya mtu.

Nilipokaa kuandika barua hii nilikusudia kudai marekebisho tu: mawe yaondolewe, mtaro uchimbwe mita 1, kitambaa kipya na kokoto, mawe ya ukubwa sahihi, mabawa pande zote mbili, yote kabla ya masika, maana maji ya ziwa hupanda hadi kilele chake kama mwezi Mei. Lakini siwezi kuwaamini watu wale wale kufukia mtaro ule ule. Kwa hiyo nadai fedha zote za mguu, kitambaa na tani ambazo hazikuletwa. Mhandisi aliyesajiliwa, nitakayemchagua mimi, apime kazi kwa gharama yenu. Na fidia ya udongo uliokwenda, wangu na wa jirani. Vibali vya mazingira na vya bodi ya maji ya bonde la ziwa vilitolewa kwa mchoro ule, na kilichojengwa sicho. Hilo nalo mtalijibu wenyewe.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita bila majibu ya maandishi, vipimo, picha na stakabadhi zitafika Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na wakili wangu atafungua shauri bila kuwapigia simu tena. Kuhusu foromani, nataka barua ya kuomba radhi yenye saini yake, na asikanyage tena kiwanjani kwangu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mmiliki wa kiwanja,
Ilemela, Mwanza.

Nakala: Wakili wangu; jirani wa upande wa kusini.