Madaftari ya duka usiyachome

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Hapa Bugolora, Ukerewe, tu wazima. Mama yako anakusalimu, mguu wake umepata nafuu tangu aanze zile dawa ulizotuma.

Juzi ulipopiga simu sikukujibu sawasawa. Gulio lilikuwa limechanganya, watu wamejaa kaunta, na mimi mambo mazito siyawezi kwenye simu. Ulisema duka tulikate fremu nne tupangishe, na yale madaftari ya zamani ghalani yachomwe maana yanafuga panya. La fremu tutalizungumza. La madaftari nimeona nikuandikie.

Duka hili lilijengwa na Mhindi mmoja enzi za mkoloni: kuta za mawe, bati nene ambazo mpaka leo hazijatoboka, na baraza pana mbele. Babu yako aliingia hapa akiwa kijana wa kushusha mizigo kwenye mashua, baadaye akawa mpimaji, na mwenye duka alipohama akamwachia kwa malipo ya polepole. Duka moja lilikuwa na kila kitu. Kaniki, khanga, marekani, majembe, chumvi, nyuzi za nyavu, ndoana, mafuta ya taa, sabuni za mche, misumari, dawa ya kichwa. Ukiingia unapokelewa na harufu ya nguo mpya iliyochanganyika na mafuta ya taa na dagaa. Hata leo nikikutana na harufu hiyo mahali popote, najiona nina miaka saba, nimesimama nyuma ya kaunta nikiwa sifikii juu.

Sitaki nikupambie. Wazee wetu waliilalamikia sana mizani ya wanunuzi wa pamba, na manung'uniko hayo ni moja ya mambo yaliyozaa ushirika wa wakulima huku Kanda ya Ziwa. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana vikawa Victoria Federation, Paul Bomani akiwa mbele. Babu yako aliyajua hayo kuliko wengi, kwa sababu mizani alikuwa anaishika yeye. Duka lilipokuwa lake, kitu cha kwanza alichofanya ni kuigeuza mizani imtazame mnunuzi. Ukiangalia kwenye mbao ya kaunta utaona alama nne za miguu yake ya zamani, na nyingine nne za pale alipoihamishia. Usipige msasa hapo.

Sasa madaftari. Ulipoyafungua uliona mwandiko mbaya na hesabu za senti. Mimi nikiyafungua naliona ziwa. Wavuvi wa dagaa walikopa wakati wa mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka dagaa hawavuliki, wakalipa giza likirudi. Ndiyo maana kurasa zao zinajaa na kufutwa, zinajaa na kufutwa, kila mwezi. Mkulima wa pamba ukurasa wake unatulia karibu mwaka mzima, halafu unapigwa mstari mmoja mrefu msimu wa kuuza. Mwalimu analipa mwisho wa mwezi. Na majina utayakuta kama watu walivyojulikana: "mwenye mtumbwi wa buluu", "mama wa mapacha", "mkwe wa fundi baiskeli".

Babu yako alikuwa akiyasoma usiku, kama mtu anayesoma gazeti. Akiona nyumba iliyozoea kuchukua kilo ya sukari imeshuka hadi robo wiki mbili mfululizo, asubuhi ananituma: nenda pale kwa fulani, wasalimie, uangalie kuna nini. Mara nyingi palikuwa na mgonjwa. Siku moja nilikuta mama amelala chini ana homa, watoto wanachemsha maji matupu. Nilirudi mbio. Babu yako hakuuliza mengi, alikunja gazeti pembe, akajaza sukari, akachota unga wa muhogo, akaniambia rudi, na usiseme nani katuma. Ukurasa ule ninao. Hakuandika kitu siku ile, ila aliweka nukta.

Barazani pia palikuwa na mambo yake. Fundi cherehani alikaa upande wa kulia, bao upande wa kushoto, na redio dirishani. Matangazo ya vifo ya Radio Tanzania yalipoanza, wachezaji waliacha kete mkononi. Barua za vijiji vyote hivi zilikuja kwa sanduku la posta la duka, na asiyejua kusoma alisomewa palepale, au ndani ghalani kama habari ilikuwa nzito. Kazi hiyo niliifanya mimi nikiwa darasa la tano. Nilimsomea mtu habari ya kifo cha mwanawe nikiwa sijui niweke wapi macho yangu.

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yakaamriwa kufungwa, bidhaa ziuzwe kwenye duka la kijiji, na mwaka huohuo serikali ikavunja vyama vya ushirika. Nilikuwa na miaka 13. Babu yako alifunga milango, akakaa ndani. Usiku wa tatu mlango wa uani ukagongwa. Alikuwa mvuvi wa kisiwa cha Ukara, suruali imelowa mpaka magotini, ameshika fedha kwenye kitambaa. Akasema, "Duka wamelifunga, deni langu hawakulifunga." Babu yako akawasha koroboi, akafungua daftari, akapiga mstari. Wakaja wengine siku zilizofuata, mmojammoja, kwa mlango uleule. Milango ya mbele iliporuhusiwa kufunguliwa tena, mtaji wa kuanzia ulikuwa huo.

Miaka ya shida, baada ya vita vya Kagera mpaka ule msako wa wahujumu uchumi wa 1983, naipita. Sabuni haikuwepo, sukari haikuwepo, na kukutwa na katoni mbili za ziada ilikuwa hatari. Tulikaa na rafu tupu, lakini watu hawakuacha kuja barazani.

Tarehe 20 Septemba 2018 unaijua, ila ulikuwa chuoni, na ya dukani sijawahi kukueleza. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio. Watu wa Ukara walikuwa wamevuka kununua mahitaji, mchana wakawa wanafunga mizigo warudi. Mama mmoja wa Bwisya alichukua miche miwili ya sabuni, kilo mbili za sukari na madaftari manne ya shule. Akalipa nusu, nusu nikaandika. Akapanda kivuko cha MV Nyerere pamoja na wengine waliotoka kwenye kaunta yangu hii. Kivuko kile kilikuwa cha watu 101. Kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, watu wa ufukweni wanaona kwa macho. Walifariki zaidi ya 220.

Majora yote ya bafta ya sanda niliyokuwa nayo yalitoka siku mbili zilizofuata, na sikuandika hata yadi moja. Nilivuka kwenda mazishini. Unajua kawaida yetu, msemaji wa familia husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Nilisimama nyuma, sikuinua mkono. Baada ya arobaini mume wa yule mama akaja na mtumbwi. Akaniuliza, "Mke wangu alibakiza ngapi?" Nikamwambia hakubakiza kitu. Akasema, "Mzee, alinipigia simu kabla ya kupanda, akanitajia kila alichochukua. Fungua daftari." Nikafungua. Akalipa shilingi 4,500. Halafu akaomba nimwonyeshe jina la mkewe lilipoandikwa. Akaliwekea kidole, akakaa vile kitambo, mimi nikaangalia nje.

Daftari hilo halipo ghalani. Liko kabatini chumbani kwetu, jalada la kahawia.

Najua siku hizi watu wanakopa kwenye simu. Nimewaona pia wanaokuja hapa wamevurugwa na hiyo mikopo ya kausha damu, ndugu zao wote wakitumiwa ujumbe wa kuwaaibisha kwa deni la siku tatu. Hao nami nawaandika, nawaambia walete giza likirudi.

Kuhusu fremu, nakubali mbili, si nne. Mje na fundi mwezi wa sita akate upande wa ghala, ule unaotazama barabara ya gulio. Kaunta ibaki ilipo, baraza lisiguswe. Madaftari nitayahamisha mimi kabla hajafika. Nimeshanunua masanduku mawili ya bati, na mama yako anakausha majani ya mwarobaini tuyatandike chini kwa ajili ya wadudu.

Ukipita Mwanza mjini kabla ya kupanda meli, niletee kaunta buku la kwaya nne, jalada gumu. Hili nililonalo limebakiza kurasa sita, na mbalamwezi inaanza wiki ijayo.

Ni mimi baba yako.