Mpwa wangu, kabla hujaiacha bendi msikilize Jim Hall

Mpwa wangu,

Dada ameniambia unataka kuacha bendi. Eti umechoka kumpigia mwimbaji rithimu, unataka ujifungie chumbani na kompyuta urekodi mwenyewe, jina lako liwe la kwanza. Nakuandikia hadharani kwa sababu meseji zangu ndefu huzimalizi, na wapiga gitaa wenye kinyongo kama chako wamejaa, hamko nyumbani kwetu tu.

Sikukatazi kuondoka. Ila kuna mzee mmoja wa jazi nataka umsikilize kwanza. Anaitwa Jim Hall, Mmarekani, alizaliwa Buffalo mwaka 1930, akafariki New York mwaka 2013. Ukiuliza magwiji wa gitaa la jazi, wengi watakutajia Wes Montgomery kwanza. Lakini pekua santuri za zamani, soma yale majina yaliyoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada, uone kama utampita Hall.

Alianza kujulikana mwaka 1955 katika kundi la Chico Hamilton, mpiga drams. Baadaye Jimmy Giuffre akamchukua, ikafika mahali wakabaki watatu: Giuffre na klarineti yake na saksofoni, Bob Brookmeyer kwenye tromboni, na Hall. Besi hakuna, drams hakuna. Wenzake wote wawili wanapuliza, kwa hiyo wakivuta pumzi linalobaki ni gitaa.

Sasa wewe unayelalamikia mwimbaji, nikupe kisa cha Ella Fitzgerald. Februari 1960 yuko jukwaani Berlin, katikati ya "Mack the Knife" maneno yakamtoka kichwani. Hakusimama. Akatunga mengine papo hapo, akamwigiza hadi Louis Armstrong, na rekodi ya usiku ule ikamletea Grammy. Nyuma yake walikuwepo wapigaji wanne, Hall kwenye gitaa. Usihangaike kutafuta solo yake pale. Sikiliza tu jinsi wimbo unavyozidi kwenda huku mwenye wimbo hajui aendako. Siku mwimbaji wenu akisahau beti, ninyi hufanya nini? Mnaangaliana.

Halafu njoo 1962. Sonny Rollins alikuwa ameacha maonyesho tangu 1959, akawa anafanyia mazoezi ya saksofoni juu ya daraja la Williamsburg, New York. Aliporudi hakuchukua mpiga piano, alimchukua Hall. Katika albamu ya The Bridge gitaa ndilo linaloshika nafasi ya piano, na ukisikiliza vizuri utagundua Hall mara nyingi ananyamaza kabisa, anamwacha Rollins na besi na drams, kisha anarudi na nota mbili tatu. Saksofoni ya Rollins ni pana mno. Ukiijazia kila mwanya unaiua.

Mwaka huohuo akaingia studio na Bill Evans, mpiga piano, wakarekodi Undercurrent wakiwa wawili tu. Hapo ndipo nataka ukae. Piano na gitaa ni mafahali wawili zizi moja: vyote vinatoa sauti nyingi kwa mpigo, vinakanyagana bila hata kukusudia. "My Funny Valentine" watu walizoea kuisikia polepole, hawa wameipeleka mbio. Evans anapoanza kucheza solo, Hall anashika mapigo manne, anayachapa sawasawa, kwa sauti ya chini, unasikia hadi mkwaruzo wa nyuzi zenyewe. Ni rithimu hiyo! Ileile unayoiona ya kudhalilisha. Mimi katika kazi zake zote sijasikia kitu kinachozidi dakika zile, na solo zake nazipenda sana.

Hiyo sauti ya chini haikuwa bahati mbaya. Alikuwa anapunguza amplifaya ili mbao na nyuzi zisikike, na wenzake wasikike pia. Wewe ya kwako inasikika mpaka kituo cha daladala.

Wengine aliopiga nao nitawapitia haraka, maana hawaishi: Paul Desmond wa saksofoni, Art Farmer na Chet Baker wa tarumbeta, hata Itzhak Perlman, mpiga fidla wa muziki wa klasiki (hiyo mimi hainigusi, lakini isikilize uamue mwenyewe). Na alipozeeka vijana ndio waliomfuata. Mwaka 1986 alipiga Montreux, Uswisi, na kijana wa piano, Michel Petrucciani, pamoja na Wayne Shorter wa saksofoni, huyu wa rika lake. Mwaka 1999 akatoa albamu na mpiga gitaa mwenzake Pat Metheny, aliyezaliwa 1954, na mwaka 2008 nyingine na Bill Frisell, naye wa gitaa, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake.

Jina kuwa juu? Lilikuwa juu mara nyingi tu. Concierto ya 1975 ni yake, na humo amewajaza Baker, Desmond na Ron Carter. Miaka mitatu kabla yake, yeye na huyo Carter wa besi walitoa Alone Together, watu wawili mbele ya hadhira.

Kwa hiyo ukitaka kurekodi, rekodi. Ila mwite yule kijana wenu wa besi, mkae wawili, drams zizimwe, kompyuta isiwajazie chochote. Mkimaliza wimbo mmoja nitumie kabla hujaongea na kiongozi wa bendi. Na kesho kwenye mazoezi shusha hiyo amplifaya.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako